MWENYE KUTOA DAWA NA AULIZE KAZI YETU



Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma habari za mishahara, za likizo, na za watu walioachishwa kazi bila notisi. Hayo ni mambo yetu na hatutayaacha. Lakini leo nataka kusema juu ya jambo ambalo wengine watalicheka, watasema si la chama. Nataka kusema juu ya dirisha la dawa, lile tundu dogo lenye vyuma ambapo kila mmoja wetu hapa Bumula, awe mkata miwa, mwalimu, dereva au mlinzi wa usiku, amesimama siku moja na karatasi mkononi.

Sisi huku twamwita kila mtu mwenye koti jeupe "daktari". Lakini anayetoa dawa ana kazi yake na elimu yake. Nchi hii imekuwa na Bodi ya Dawa na Sumu tangu mwaka 1957, kabla ya Uhuru. Angalieni jina lenyewe: dawa na sumu zimewekwa chini ya Bodi moja, maana waliotunga sheria walijua kwamba kitu kile kile kikitolewa vibaya huua. Tena yeye ndiye mtu wa mwisho mgonjwa anayeonana naye kabla ya kurudi nyumbani. Daktari akikosea, wa dirishani aweza kuona na kurekebisha. Yeye akikosea, au akinyamaza, hakuna mwingine nyuma yake.

Nitaanza na habari za nyumbani kwangu, kwa sababu ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Mama yangu ana presha. Kila mwezi alikuwa akienda kuchukua vidonge vyake katika hospitali ambayo sitaitaja. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni pesa, na foleni ni siku nzima. Basi mama akafanya hesabu yake mwenyewe, wala hakutuambia sisi watoto wake: badala ya kumeza kila siku, alimeza siku moja na kuacha siku moja, ili dawa za mwezi mmoja zimfikishe miezi miwili. Alipofika dirishani aliulizwa, "Unameza dawa?" kwa sauti ya askari wa zamani akidai kipande. Mama akajibu, "Ndiyo, daktari." Nani angejibu vingine? Watu thelathini wako nyuma yake wanasikia.

Daktari akapima, akaona presha iko juu, na kwenye kadi imeandikwa kwamba mgonjwa anameza vizuri. Akaongeza dawa. Safari nyingine akaongeza tena. Kisha dada yangu akarudi kutoka Kitale, akakaa na mama, akasoma pakiti, naye kwa mapenzi mema akampa mama dawa zote kila siku kama zilivyoandikwa. Wiki ya pili mama akasimama kutoka jikoni, akaona giza, akaanguka. Kipaji cha uso kikagonga figa. Kovu analo mpaka leo.

Tulipomrudisha, tulimkuta dirishani kijana mwingine. Huyu alimtazama mama na lile bandeji, akatoka kule ndani kwa mlango wa nyuma, akaja akaketi naye kwenye benchi. Akamwambia, "Mulembe, kukhu." Hakumwuliza kama anameza dawa. Alimwuliza, "Kukhu, za safari ile zimebaki ngapi nyumbani?" Mama akacheka, akasema ziko nyingi, ziko kwenye mkebe wa kahawa. Akaeleza yote, habari za nauli na hesabu yake ya siku moja kuacha siku moja. Kijana akasema wengi hufanya hivyo. Akaenda kuzungumza na daktari, vidonge vikapunguzwa, na kwa kuwa siku ile rafu haikuwa tupu, akampa za miezi miwili mara moja.

Nimelifikiri sana lile swali. "Unameza dawa?" na "Zimebaki ngapi?" ni maswali yanayotafuta jambo moja. La kwanza lilimfunga mama mdomo, la pili likamfungua. Aliyeuliza la kwanza si mtu mbaya, na huenda elimu yake ni kubwa kuliko ya yule kijana. Lakini hakujua, au alikuwa amesahau, kwamba aliyesimama mbele yake ana mfuko usio na kitu na anaona haya kusema hivyo.

Ndiyo maana sitaki tuliite jambo hili huruma peke yake. Huruma twaijua. Mtu aweza kukuhurumia huku akikutazama kutoka juu, na mwisho akakupa dawa isiyokufaa. Ninalosema mimi ni mtu kujua mwenzake ametoka wapi na anarudi wapi na pakiti ile. Na kwetu sisi, mahali tunapotoka na tunaporudi ni kazini.

Chukueni dereva wa trekta la miwa. Ana mafua, macho yanatoka maji, akapewa vile vidonge vya mafua vya siku nyingi ambavyo huleta usingizi. Vidonge ni sahihi kwa mafua. Lakini kesho alfajiri yuko barabarani na mzigo nyuma, na watoto wa shule wanatembea kando ya barabara hiyo. Swali moja tu, "Unafanya kazi gani?", na angeambiwa, "Hizi meza usiku ukienda kulala, mchana usiendeshe." Mkata miwa naye ana panga mkononi tangu asubuhi. Usingizi na panga havipatani.

Chukueni mlinzi wa usiku mwenye ugonjwa wa sukari. Pakiti yasema asubuhi na jioni. Asubuhi ya watu wengine ndiyo usiku wake. Anatoka lindo, anameza kidonge, anaanguka kitandani bila kula. Kuna vidonge vya sukari ambavyo huishusha sukari hata kama tumbo ni tupu, na mtu aliyelala hajui kwamba sukari inashuka. Jirani watasema amelala fofofo kwa uchovu.

Au dereva wa matatu wa Bungoma na Kitale aliyepewa dawa ya presha ya kutoa maji mwilini. Ameambiwa ameze asubuhi. Asubuhi ndiyo wakati wa abiria, na hakuna kusimama kila nusu saa kwenda kando. Basi siku za kazi haimezi, anaimeza Jumapili. Akiulizwa, atasema anaimeza. Kama angeulizwa juu ya kazi yake, huenda saa ingebadilishwa, au dawa yenyewe.

Na malaria, ambayo hapa kwetu Magharibi si mgeni. Tangu mwaka 2006 hospitali za Serikali zimetumia zile dawa za mchanganyiko ambazo mtu mzima humeza vidonge 4 mara 6, vyote 24, kwa siku tatu. Wengi hawajui mambo mawili. Kwanza, mara ya pili ni baada ya masaa 8, si mpaka kesho. Pili, dawa hii yataka chakula chenye mafuta, au maziwa, ndipo iingie vizuri katika damu. Sasa mama wa Kimaeti au Khasoko, mwezi wa Mei, mahindi bado mabichi shambani na ghala tupu, aambiwa, "Umeze baada ya kula." Ataitikia. Hatasema mbele za watu kwamba leo nyumbani hakuna cha kula. Anayetoa dawa akisema kwa sauti ya chini, "Hata kikombe cha chai ya maziwa chatosha kusaidia," amemwokoa na aibu, na dawa imefanya kazi. Asiposema hivyo, siku ya nne homa imerudi, na watu watasema dawa za Serikali ni chokaa.

Na wale wa siku ya tatu, mnajijua. Homa imeshuka, vidonge vilivyobaki vinawekwa kwa ajili ya mtoto. Hilo ni kosa letu, si la dirisha.

Jambo lingine ni sauti. Kuna dirisha ambapo mtu huitwa kwa jina lake na kwa ugonjwa wake, na benchi lote likasikia. Twawajua watu wanaotoka Bumula kwenda kuchukua dawa za virusi Webuye au Kitale, mbali, na nauli hawana, ili tu wasionwe na jirani. Dawa hizo hutolewa bure katika hospitali za Serikali tangu mwaka 2006, lakini kwa mtu huyo bei yake ni nauli na siku ya kazi. Na siku nauli ikikosekana, dawa inakatika. Hapo hakuhitajiwi mashine. Chahitajiwa kichumba cha pembeni, au pazia, na mtu aliyefundishwa kunong'ona.

Najua kuna wanachama watakaosema, "Ndugu, maneno matamu hayajazi rafu. Dawa hakuna, wewe wataka tuambiwe mulembe?" Wana haki kusema hivyo, nami nitawajibu kwa habari iliyotokea hapa hapa kwetu, ambayo Kenya nzima iliiona.

Tarehe 1 Juni mwaka 2013 Serikali ilitangaza kwamba akina mama watazaa bure katika hospitali zake. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, mama mmoja alifika Hospitali ya Wilaya ya Bungoma ili azae. Akatakiwa anunue pamba na dawa ya kuanzisha uchungu kwa pesa zake mwenyewe. Uchungu ulipokuja hapakuwa na wa kumsaidia. Akajikokota mpaka chumba cha kuzalia, akakuta vitanda vimejaa, na aliporudi akaanguka akazaa sakafuni, katika njia ya kupitia watu. Alipopata fahamu, wauguzi walikuwa wakimtukana na kumpiga makofi kwa sababu amechafua sakafu. Mtu alipiga picha za video, nazo zikaonyeshwa kwenye televisheni. Yule mama hakunyamaza, alikwenda mahakamani. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake na heshima yake vilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi 2,500,000 na aombwe radhi rasmi.

Watu wengi walisoma hukumu ile kuwa ni hukumu juu ya wauguzi wawili wenye mikono mibaya. Haikuwa hivyo tu. Mahakama ilisema pia kwamba Serikali kuu na Serikali ya Kaunti zilishindwa kutoa pesa na vifaa vya kutosha, na kushindwa kuangalia kama huduma ni za namna inayofaa. Yaani ukali wa yule mfanya kazi na utupu wa rafu vilihukumiwa siku moja, katika kesi moja. Nami nasema ndivyo vilivyo. Mahali ambapo dawa hakuna, mtu wa dirishani huambiwa matusi tangu saa mbili asubuhi kwa kosa ambalo si lake, na kufika saa nane amekuwa mkali kama pilipili. Na mahali ambapo watu wamezoea kufokewa, hakuna anayethubutu kuuliza kwa nini dawa hakuna, kwa hiyo rafu yabaki tupu.

Kwa hiyo nawaambia wale wanaodhani nataka tufundishwe kutabasamu: sitaki maneno mazuri yawe pazia la kufunika rafu tupu. Kama dawa haipo, semeni haipo. Lakini kuna namna mbili za kusema. "Haipo, nenda ukanunue. Mwingine!" ni namna moja. Namna ya pili ni, "Hii haipo. Dukani huuzwa bei kama hii. Ukiona huwezi zote, usigawe nusu nusu. Rudi uniambie, tuone na daktari kama iko nyingine." Sentensi tatu zaidi. Sijui kama zachukua dakika moja.

Lakini dakika hiyo nani ameilipa? Hapa ndipo jambo hili linapokuwa la chama.

Wenzetu wa dirisha la dawa ni wafanya kazi kama sisi. Siku ya kliniki mtu mmoja yuko peke yake: asoma maandishi ya daktari, ahesabu vidonge, aandika pakiti, ajaza kitabu, ajibu simu. Wafamasia wa Serikali wako katika chama kimoja na madaktari wa watu na wa meno, na mgomo wao wa tarehe 5 Desemba 2016 mpaka 14 Machi 2017, siku mia nzima, ulikuwa juu ya mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 2013 na ambayo hayakutimizwa. Viongozi wao walitiwa jela mwezi wa Februari 2017. Wakati ule tulikuwa tumegawanyika sisi wenyewe. Wengi wetu tulisema hawa hawana utu, wanaacha watu wafe. Watu waliumia kweli, sitaficha. Lakini ni wangapi kati yetu tulisoma mapatano yale? Tungeyasoma tungeona kwamba ndani yake walidai pia watu wa kutosha kazini na vifaa vya kufanyia kazi. Tuliwadai watuelewe, nasi hatukujaribu kuwaelewa wao.

Tena si kwamba tunakwenda dirishani kuomba. Nakumbusha vijana. Mwaka 1965 Serikali ya Uhuru iliondoa malipo ya wagonjwa wa kutwa. Mwaka 1989 malipo yakarudishwa. Mwaka 2004 yakapunguzwa kuwa shilingi 10 katika dispensari na shilingi 20 katika kituo cha afya, na mwaka 2013 yakaondolewa huko. Mfuko wa bima ya hospitali ulianza mwaka 1966 kwa wenye mishahara, na tangu Oktoba 2024 mfuko mpya wa afya ya jamii umechukua mahali pake. Mwenye mshahara hukatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100, kabla hajauona mshahara wenyewe. Basi aliye ndani ya dirisha na aliye nje wote wamekatwa. Hakuna mwenye kumpa mwenzake sadaka. Na Katiba ya mwaka 2010 imeandika haki ya afya katika kifungu cha 43 na heshima ya mtu katika kifungu cha 28.

Matajiri nao wasidhani wameponyoka. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili likizo ya ugonjwa, angalau siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara. Lakini vibarua wangapi wa mashamba ya miwa, au ya mahindi huko Trans Nzoia, wanaipata? Mtu akienda kuchukua dawa zake za mwezi, siku yake imekatwa. Kisha twashangaa kwamba ameficha vidonge kwenye mkebe. Mnyapara anayemnyima mtu ruhusa ya nusu siku amesimama dirishani pamoja naye, ingawa hatumwoni.

Ninayotaka chama kidai kutoka kwa Kaunti si makubwa. Siku za kliniki wawe watu wawili wa kutoa dawa, mmoja wa kuhesabu na mmoja wa kuzungumza. Pawe na mahali pa pembeni pa kunong'ona. Pakiti ziandikwe kwa maneno, au zichorwe jua na mwezi, maana "1x3" si lugha. Mzee wa Siboti aweza kuisoma kuwa moja kwa siku tatu, naye hana kosa. Na mgonjwa ambaye dawa yake haibadiliki apewe ya miezi miwili au mitatu rafu ikiruhusu, kama mama yangu alivyopewa.

Kutoka kwa wenzetu wa dirishani naomba swali moja tu, lile la kazi. Hata siku ya foleni ndefu. Na sisi tunaosimama nje tuache kuwatukana kwa habari ya dawa ambazo hawakuzila wao, tuache pia kusema "ndiyo" wakati jibu ni "hapana".

Mkutano ujao wa tawi naomba Katibu aliandike jambo hili katika ajenda, lisiwekwe mwishoni pamoja na "mengineyo". Na kila mwanachama aje na pakiti ya mwisho ya dawa aliyopewa, yeye au mtu wa nyumbani kwake. Tuziweke mezani. Kila mtu asimame aseme aliambiwa nini siku ile, na zimebaki ngapi. Mimi nitakuja na ule mkebe wa kahawa.